Karakana ya Mkondo wa Amali Iko Nje ya Uzio wa Shule

Miezi ya mwisho ya mwaka 2021 Tanzania nzima iligeuka saiti. Shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zilizokuja kwa jina la mapambano dhidi ya UVIKO-19, zilishushwa hadi kwenye kata, na agizo likawa moja: vyumba vya madarasa 15,000 visimame kabla shule hazijafunguliwa Januari. Vyumba 12,000 vilikuwa vya sekondari, 3,000 vya vituo shikizi, yaani shule ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama, na kila kimoja kilitengewa shilingi milioni 20. Aliyekuwa mkuu wa shule wakati ule hahitaji kusimuliwa. Mwalimu wa Historia aligeuka mtunza stoo ya saruji, mwalimu wa Kiswahili akawa anazunguka mjini kuulizia bei ya bati, na wakubwa wilayani wakitaka picha za maendeleo ya ujenzi kila jioni.

Waliojenga ni mafundi wa mtaani, kwa utaratibu tuliouzoea wa fosi akaunti: shule inapokea fedha, inanunua vifaa yenyewe, inamlipa fundi ufundi wake. Wanafunzi, pale walipohusishwa, walichota maji na kusogeza matofali. Mwaka uliofuata vikaja vyumba vingine 8,000 kwa shilingi bilioni 160, na mtindo ukawa uleule.

Nayarudia haya kwa sababu ya kilichoanza Januari 2024. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya sekondari imegawanywa mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi. Mtoto aliyeingia mkondo wa amali kidato cha kwanza mwaka 2024 atamaliza kidato cha nne mwaka 2027, na anatarajiwa kutoka na cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani, na cheti cha ufundi. Ujenzi ni mojawapo ya fani hizo: uashi, useremala, bomba, umeme wa majumbani.

Mjadala tulionao umekwama kwenye vifaa. Karakana ziko ngapi, mashine zimefika wapi, nani atanunua mbao za mazoezi. Maswali ya haki, lakini kwa fani za ujenzi yanaruka jambo lililo mbele ya macho yetu. Serikali inalipia karakana ya ujenzi kila mwaka, vijijini kabisa, ikiwa na saruji, nondo, mbao na fundi wa kuonesha kazi. Karakana hiyo ni darasa linalojengwa, zahanati, choo cha wasichana, nyumba ya mwalimu. Mwanafunzi wa uashi anakaa mita mia mbili kutoka hapo akiandika maelezo ya aina za matofali kwenye daftari. Mkondo huu ukifundishwa juu ya miradi hiyo, kijiji kitapata majengo na mafundi kwa fedha ileile. Ukifungiwa ndani ya uzio, kitapata wenye vyeti, na mwaka unaofuata kitaagiza fundi kutoka mjini.

Mafunzo ya uashi yalivyozoeleka, mwanafunzi anajenga kona ya kozi kadhaa, yaani safu za matofali, mwalimu anapita na pima maji na timazi, anatoa alama, halafu ukuta unavunjwa ili matofali yatumiwe na kundi linalofuata. Kwa miezi ya mwanzo hakuna njia bora zaidi; mkono lazima ujifunze uzito wa mwiko kabla haujaaminiwa ukuta wa watu. Tatizo linaanza ukuta wa kuvunjwa unapokuwa ndio mwanzo na mwisho wa mafunzo. Ukuta huo haubebi paa. Haunyeshewi mvua. Hakuna aliyebishana na muuza kokoto kwa ajili yake, wala hakuna mwenyekiti wa kijiji aliyekuja kuuliza kwa nini mifuko imeisha na lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, haijafungwa.

Sasa nenda kwenye saiti siku ya kuseti msingi. Fundi anapigilia vigingi, anavuta kamba mbili zikutane kwenye kona. Kwenye kamba ya kwanza anapima futi 3 na kutia alama, kwenye ya pili futi 4. Anampa saidia fundi ncha ya futi kamba ashike alama moja, yeye anashika nyingine, anauliza: inasoma ngapi? Ikisoma 5, kona ni mraba na kazi inaendelea. Isiposoma 5, kigingi kinang'olewa. Jengo likiwa refu anatumia 6, 8 na 10 ili kosa dogo lionekane mapema. Mafundi wengi wa vijijini waliishia darasa la saba, na wengi wao hawajawahi kusikia jina la Pythagoras. Mtoto wa kidato cha pili ameimba kanuni ya Pythagoras ubaoni wiki tatu, amefaulu jaribio, na hajui kwamba ndiyo iliyoweka kona za darasa alilokalia. Wangesimama pamoja kwenye kigingi kimoja kwa nusu saa tu, mtoto angejua hesabu ile ina kazi gani duniani, na fundi angejua jina la anachokifanya.

Na kosa la hapo chini halifichiki. Msingi ukitoka mshazari, ukuta utapanda na lipu itaficha, lakini siku ya kupandisha kenchi, zile fremu za mbao za paa, kila kitu kinaanikwa: upande mmoja mbao hazifiki, upande wa pili zimezidi, bati linakwenda upande na fisha bodi, ubao wa ukingo wa paa, haikubali. Hili halifundishiki kwenye kona ya kozi sita.

Chukua jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko hata mwiko. Miradi ya fosi akaunti ina kamati tatu za wananchi na walimu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo inayosimama mlangoni gari la vifaa likifika. Wajumbe wake wanahesabu vipande vya nondo, wanasaini, gari linaondoka. Nani anapima unene? Nondo iliyoagizwa ni ya milimita 12, iliyoshushwa ni ya 10, na kwa macho ya mama wa kamati zote ni nondo. Pale pale shuleni, kwenye kabati la maabara ya Fizikia, kuna kalipa ya venia, ambayo kidato cha kwanza hutumia kupima unene wa kitu chochote kilichopo ilimradi zoezi likamilike. Wapeni wanafunzi wa amali kazi ya kusimama na kamati ya mapokezi: wapime nondo, wakague geji ya bati, yaani unene wake, wahesabu mifuko, waandike kwenye daftari la saiti. Ni somo kamili la vifaa vya ujenzi, na ni ukaguzi ambao hakuna halmashauri inayomudu kuupeleka kila kijiji. Msambazaji anayejua kwamba watoto thelathini wanamsubiri na kalipa atapakia gari kwa adabu.

Saruji nayo ina hesabu zake. Mfuko wa kilo 50 unaotosha matofali thelathini hivi ya inchi sita yaliyo imara huvutwa na wajanja hadi hamsini, na tofali likikauka huwezi kujua mpaka lianze kumomonyoka kona. Mwanafunzi aliyefyatua kwa vipimo viwili tofauti, akamwagilia kundi moja siku saba na jingine akaliacha juani, kisha akayadondosha yote kutoka usawa wa kiuno, hatasahau maisha yake kwamba zege hushika kwa maji na wala halishiki kwa kukauka. Mimi naiona hiyo ni Kemia kuliko Kemia nyingi tunazofundisha.

Najua nitakayoambiwa: haya si mapya, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisema yote. Ilisema. Miaka ya sabini tukawa na michepuo sekondari, ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, na tukawa na sekondari za ufundi zenye heshima yake: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga, Bwiru. Ukikutana na mzee aliyesoma mojawapo ya shule hizo, mtazame anavyoangalia mlango uliopachikwa vibaya. Lakini katika shule nyingi za kawaida kujitegemea kuliporomoka kukawa shamba la mwalimu na kuni za mwalimu. Halafu likaja baya zaidi, kazi ya mikono ikawa adhabu. Umechelewa namba, kafyatue matofali. Umeongea kilugha, kang'oe kisiki. Vizazi kadhaa vimelelewa viamini kwamba mwiko na jembe ni vya mwenye kosa, kisha leo tunashangaa mzazi akisikia mwanawe amepangiwa mkondo wa amali anakimbilia kwa afisa elimu kuomba abadilishiwe.

Tofauti kati ya mafunzo na utumishwaji iko wazi ukitaka kuiona. Mwanafunzi anayebeba matofali hajifunzi uashi hata abebe miaka minne. Anayejifunza ni yule anayeulizwa tofali hili liende wapi, na kwa nini kiungo cha kozi ya juu kisikae juu ya kiungo cha kozi ya chini.

Wakenya nao walipita njia hiyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 masomo ya ufundi yaliingizwa kwa kishindo na wazazi wakabebeshwa kujenga karakana kwa harambee. Shule zenye wazazi wenye nacho zikapata karakana, zisizo nacho zikafundisha useremala kwa chaki. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Gharama ya karakana ikiachwa kwa mzazi wa kijijini, amali inakuwa somo la matajiri, na hao ndio wasiolitaka.

Mfano unaonisumbua zaidi uko Botswana. Mwaka 1963 Patrick van Rensburg, mkimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini, alianzisha sekondari ya Swaneng Hill huko Serowe, na wanafunzi wake wakashiriki kuijenga kwa mikono yao. Mwaka 1965 ikaanzishwa brigedi ya waashi kwa vijana waliomaliza msingi wakakosa nafasi ya sekondari. Sehemu kubwa ya wiki walikuwa saiti chini ya fundi, muda uliobaki darasani. Walijenga majengo ambayo mtu fulani alikuwa ameyalipia, na malipo hayo ndiyo yaliyogharimia mafunzo. Brigedi zikaenea Botswana, za waashi, za maseremala, za wakulima, na mwaka 1981 van Rensburg akapewa tuzo ya Right Livelihood.

Udhaifu wake nao unafundisha. Brigedi inayojilipia kwa kandarasi inavutwa kila siku na kishawishi kimoja: kijana aliyekuwa hodari wa kupiga lipu anaachwa kwenye lipu mwaka mzima, maana hapo ndipo pesa inatoka haraka, na siku anahitimu hajawahi kufunga lenta. Kwa hiyo mimi sipendekezi shule zetu zigeuke makandarasi. Fedha ya kujenga iwe ya mradi, fedha ya kufundisha iwe ya elimu. Zikichanganywa, kinachopata hasara ni somo.

Marekani wana kisa chao, na nakitaja kwa namna kilivyokwisha. Kaunti ya Bertie iko mashambani mwa North Carolina, watu wake wakati ule walikuwa kama 20,000, vijana wake huhama. Mbunifu Emily Pilloton na mwenzake Matthew Miller walihamia huko, wakaanzisha mwaka 2010 darasa la sekondari waliloliita Studio H. Wanafunzi walisoma ubunifu na ujenzi mwaka wa shule, kisha kiangazi wakalipwa ujira kujenga walichokichora. Walijenga mabanda ya kuku. Kisha wakajenga katika mji wa Windsor soko la wakulima, jengo zima la mbao kwenye ardhi iliyotolewa na mji, likafunguliwa mwaka 2011. Wenyeji walioona vijana wa miaka kumi na saba wakisimamisha jengo la umma walipata cha kujivunia, na wakulima wakapata pa kuuzia.

Lakini msimamizi wa elimu aliyewaalika alikuwa ameondolewa kazini mapema kabisa, na wale walimu wawili waliendesha darasa bila mshahara wa wilaya, kwa fedha za wahisani. Mwaka 2012 wakaondoka, mradi ukahamia California. Soko likabaki Windsor, darasa likaondoka na walimu wake. Hapo ndipo ninapotuona sisi. Tunao wakuu wa shule hodari wanaofanya maajabu ya aina hii kwa nguvu zao wenyewe, na tunao wafadhili wanaojenga karakana yenye kibao mlangoni. Mkuu anahamishwa, kibao kinabaki. Kitu kama hiki kikishikiliwa na mtu, kinahama na mtu. Kinapaswa kushikiliwa na mstari kwenye bajeti na sentensi kwenye mwongozo.

Na sentensi yenyewe siyo ndefu. Mwongozo wa miradi ya fosi akaunti useme kwamba mradi wowote wa jengo la umma ulio ndani ya kata yenye shule ya mkondo wa amali fani ya ujenzi utapokea wanafunzi kwa siku zilizopangwa, chini ya mwalimu wao na fundi mkuu, na kwamba fundi atalipwa kiasi cha ziada kwa kufundisha. Kiasi hicho kionekane kwenye makadirio ya kazi, kama zinavyoonekana nondo na misumari. Kikiachwa kwenye hisani ya fundi, fundi atawafukuza watoto saa tatu asubuhi kwa sababu wanamchelewesha, na atakuwa na haki.

Hapa pana suala la umri ambalo halitaki mzaha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne wako hapo katikati. Kwa hiyo wasipande juu ya kenchi, wasiingie kwenye shimo la choo, wasishike mashine ya kukatia vyuma. Kinachobaki bado ni kingi: kuseti msingi, kukagua vifaa, kufyatua na kumwagilia, kusuka nondo chini, kujenga hadi usawa wa dirisha, kuunga kenchi zikiwa ardhini, kupiga lipu panapofikika bila jukwaa. Buti na kofia ngumu viwe sehemu ya gharama ya mradi. Na mwanafunzi akiitwa saiti siku za likizo, alipwe. Shule ikiona uzito kumlipa, basi ijiulize ilikuwa inamwita kujifunza au kupunguza vibarua.

Mwalimu wa kufundisha haya ni nani? Ndilo swali gumu kuliko la mashine. Aliyesomea ualimu wa ufundi wakati mwingine ana nadharia nzuri na mkono mzito, na yule mwenye mkono hana cheti cha kumwingiza kwenye ajira ya ualimu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anapewa cheti. Utaratibu huo umewasaidia wengi kupata kazi mijini. Utumiwe sasa kumpata fundi wa kata, aajiriwe kwa mkataba wa muda kama msaidizi wa mwalimu wa amali, siku mbili kwa wiki. Wapo watakaosema fundi hana lugha ya darasani. Nimewasikia mafundi wakimwelekeza saidia fundi mgeni, na nakiri lugha yao siyo ya kwenye azimio la kazi. Lakini kijana yule hurudia kosa mara chache sana.

Turudi kwenye kijiji chenyewe, maana hoja ya kuimarisha vijiji ina maana pana kuliko ajira. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Nyumba nyingi zilianguka au kupasuka, watu zaidi ya kumi na tano walikufa, sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya hadi wanafunzi wakahamishwa. Nyumba za matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, zisizo na lenta inayozunguka, hazina cha kuzuia ukuta usifunguke kwenye kona. Mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha, ukizunguka nyumba nzima bila kukatika, hauhitaji injinia. Unahitaji fundi anayejua kwa nini upo, ili mwenye nyumba akimwambia aukatishe kuokoa mifuko minne, awe na maneno ya kumjibu.

Vilevile matofali yenyewe. Mikoa kama Iringa na Mbeya imechoma miti isiyohesabika kwenye matanuru. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi wamehimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila kuni na kwa saruji kidogo ya kujengea. Teknolojia ipo, mashine siyo ya ajabu, na bado vijiji vingi havijaiona. Maonesho ya Nane Nane hayajatosha. Mwanakijiji anaamini nyumba aliyoiona ikinyeshewa masika mawili. Choo kimoja cha shule kilichojengwa hivyo na watoto wa pale pale kingefanya kazi ambayo vipeperushi vimeshindwa.

Hoja nzito ya upande wa pili ni hii: mfundishe kijana uashi, atapanda basi kwenda Dodoma. Ni kweli, wengi watakwenda. Dodoma inajengwa, Dar es Salaam haijaacha kujengwa, na siwezi kumlaumu kijana anayefuata malipo. Lakini kusema kijijini hakuna kazi ya ujenzi ni kutoangalia. Tazama Kilimanjaro ikikaribia Desemba, au Bukoba, au Makete. Watu wa mjini wanajenga nyumbani. Fedha inatumwa mwaka mzima kwa simu, kaka mkubwa anasimamia, nyumba inapanda kozi kwa kozi. Na mara nyingi fundi anatoka mjini, kwa sababu mwenye fedha yuko mbali na anataka mtu aliyemwona kazi yake. Fedha inatoka mjini, inaonekana kijijini wiki chache, inarudi mjini mfukoni mwa fundi. Mashindano kati ya fundi huyo na kijana wa kijijini yanaamuliwa na kitu kimoja, kazi inayoonekana. Kijana anayeweza kusema lile darasa la mwisho kulia nilishiriki kuanzia msingi, nenda kaliangalie, ana barua ya utambulisho ambayo cheti peke yake hakiwezi kuwa.

Serikali nayo ina mlango wake. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tatizo ni kwamba kazi za fosi akaunti siku hizi zinapitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, na fundi mzuri asiye na usajili wala namba ya mlipakodi anajikuta kibarua wa aliyesajiliwa. Somo la ujasiriamali kwenye mkondo wa amali lisipofundisha chochote kingine, limwoneshe mwanafunzi wa kidato cha nne jinsi ya kusajili kikundi, kuingia NeST na kuandika bei ya kazi asipate hasara. Na mkopo wa vijana watano waashi uwanunulie mashine ya matofali na jukwaa la kusimamia. Mikopo ya bodaboda inatosha.

Wasichana nisiwasahau, ingawa hapa sioni pa kubishana sana. Upimaji, ukadiriaji, lipu, vigae, rangi, umeme: hakuna kati ya hizo inayouliza jinsia. Kinachowakimbiza ni saiti isiyo na choo na maneno ya vibarua, na vyote viwili mkuu wa shule anaweza kuviwekea sharti kabla hajaruhusu kundi lake kwenda.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wakubwa hawakipendi kwa sababu kinawahusu wao, kalenda. Fedha za miradi hushuka zinaposhuka. Mwaka 2021 ilikuwa mbio za miezi michache, mvua za vuli zikiwa juu ya vichwa, kila mtu akitazama tarehe. Kwenye mbio hizo hakuna fundi atakayesimama kumweleza mtoto kitu, na zege lenyewe halisubiriwi lishike. Wizara ya Elimu na TAMISEMI wangekubaliana angalau kwa shule za amali kwamba fedha za majengo yao zishuke muhula wa kwanza, msingi uchimbwe kiangazi, na kazi ifuate mtaala badala ya mtaala kuikimbiza kazi.

Kabla ya 2027 kuna uamuzi mmoja zaidi unaosubiri, na uko mikononi mwa watahini. Upimaji wa vitendo kwa wanafunzi wa uashi unaweza kufanyiwa nyuma ya karakana, kwa kona ya kozi sita itakayovunjwa jioni. Au mtahini anaweza kupelekwa kwenye jengo waliloshiriki, na daftari lao la saiti mkononi, aweke pima maji kwenye ukuta wao, apime kona kwa kona, agonge lipu asikilize kama kuna uwazi, kisha amuulize kila mmoja alifanya nini, wapi, na kwa nini. Shule zitafundisha kile kitakachopimwa. Mwaka 2024 umeshapita na watoto wale wanasogea. Mwongozo wa namna watakavyopimwa ndio ninaousubiri mimi, kuliko orodha ya mashine.